Tuzo ya Mtunzi na Zawadi ya Mfanyakazi Bora



Huenda baadhi yenu mtauliza, gazeti la chama cha wafanyakazi linaingiaje katika habari za nyimbo? Tunajibu kwamba mtunzi wa nyimbo ni mfanyakazi. Anatengeneza kitu kwa kichwa chake na mikono yake, na kitu hicho kinauzwa na watu wengine. Nani asifiwe, nani alipwe, na alipwe kiasi gani, hayo ni maswali yetu sisi penye korona ya mkonge, penye mzani wa majani ya chai na kwenye mashine za kufuma nguo.

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Mei, hutolewa mjini London, Uingereza, tuzo za watunzi ziitwazo tuzo za Ivor Novello. Zilianza mwaka 1956. Chama kinachozitoa ni chama cha watunzi wenyewe, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1947. Mshindi hupewa sanamu ndogo ya shaba nyeusi ya Euterpe, ambaye Wayunani wa kale walimhesabu kuwa mungu wa kike wa muziki. Kuna tuzo ya wimbo, ya albamu, ya muziki wa filamu, wa televisheni, hata wa michezo ya kompyuta ambayo watoto wa mjini hawataki kuiacha wakale. Watunzi wa muziki wa okestra na wa kwaya nao wana sherehe yao mbali.

Sherehe ya Mei hufanyika katika hoteli kubwa. Wapishi na wahudumu wa hoteli hizo hawapigwi picha, lakini hilo tuliache kwa leo.

Jambo tulilolipenda ni kwamba tuzo hizi hazimtafuti anayeonekana jukwaani. Zinamtafuta aliyetunga. Mwimbaji akiwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini wimbo umetungwa na mwingine, tuzo inakwenda kwa huyo mwingine, na mwimbaji atabaki kitini akipiga makofi. Kwetu mambo ni kinyume. Wimbo wa "Jambo Bwana" ulitoka mwaka 1982, na hakuna hoteli ya pwani ambako mtalii hajaimbiwa. Muulize anayeuimba, au huyo anayeimbiwa, ni nani aliyeutunga. Wachache sana watakutajia Teddy Kalanda Harrison wa kundi la Them Mushrooms la Mombasa.

Na viwandani je? Tunalijua karakana moja ambako fundi alichonga kifaa cha kuzuia uzi usikatike mashine inapokwenda kasi. Alikichonga kwa chuma chakavu, baada ya saa za kazi. Kifaa kikatumika kwenye mashine zote, zamu zote tatu. Wageni walipokuja kukagua, aliyeshikwa mkono na kupongezwa ni meneja. Fundi alikuwa nyuma yao anafuta mafuta sakafuni. Yeye ndiye mtunzi, ndugu zangu, na meneja ndiye mwimbaji. Tena mwimbaji ambaye hata sauti hana.

Jambo la pili ni waamuzi. Isipokuwa tuzo ya wimbo uliopigwa mara nyingi zaidi, ambayo inakwenda kwa hesabu tu, tuzo hizi huamuliwa na watunzi wenyewe. Hawaamui wenye kampuni za santuri, wala wafanyabiashara waliochangia gharama za chakula. Mtu aliyekesha usiku akitafuta neno moja la kukamilisha ubeti anajua kazi ya mwenzake ilikuwa ngumu mahali gani.

Hapa ndipo tunapotaka wanachama wafikiri. Nchini Tanzania, kila sikukuu ya Mei Mosi hutolewa zawadi kwa wafanyakazi bora. Ni jambo zuri na hatulipingi. Lakini ni nani anayemchagua huyo mfanyakazi bora? Mahali pengine huchaguliwa na wenzake, na hapo hatuna neno. Mahali pengine jina linatoka ofisini likiwa limekwisha kuandikwa kwenye cheti. Katika shamba moja, ambalo jina lake tunalihifadhi, miaka mitatu mfululizo zawadi ilikwenda kwa watu ambao sifa yao kubwa ilikuwa kutolalamika. Hawakuuliza habari za buti wala glavu, na mzani wa kupimia majani walipoambiwa ni mzima wakakubali kuwa ni mzima. Mama mmoja aliyekuwa akichuma kilo nyingi kuliko kikosi chake chote hakupata hata kanga, kwa sababu ndiye aliyesimama mkutanoni akasema mzani unaiba. Zawadi ya namna hiyo ni hongo hata ikifungwa utepe.

Hata hivyo tusiwasifu Waingereza kupita kiasi. Ivor Novello ambaye tuzo zinaitwa kwa jina lake alizaliwa Cardiff mwaka 1893 na kufariki mwaka 1951. Alipata jina mwaka 1914, akiwa kijana, kwa wimbo wa vita ulioitwa "Keep the Home Fires Burning". Yeye alitunga muziki. Maneno yalitungwa na mama mmoja Mmarekani aliyekuwa akiishi London, Lena Guilbert Ford. Mwezi Machi 1918, vita ile ile ikiendelea, mama huyo aliuawa pamoja na mwanawe kwa mabomu ya ndege za Wajerumani. Askari waliimba maneno yake mahandakini, lakini jina lake halimo kwenye tuzo yoyote ya sherehe ile. Kumbe hata katika karamu ya kuwakumbuka waliosahauliwa, yupo aliyesahauliwa mlangoni.

Tena heshima peke yake haipandi sufuria motoni. Siku hizi nyimbo nyingi husikilizwa kwa njia ya intaneti. Kamati ya Bunge la Uingereza ililichunguza jambo hili na kutoa taarifa mwaka 2021. Kwa kukadiria, katika kila shilingi 100 zinazolipwa na wasikilizaji, kama 30 hubaki kwa wenye huduma hiyo, kama 55 huenda upande wa wenye rekodi, na kama 15 tu upande wa utunzi. Hizo 15 nazo mtunzi anagawana na kampuni inayosimamia nyimbo zake, na kama watunzi ni wanne wanakatana vipande. Mtu anaweza kuwa na sanamu ya shaba juu ya kabati na deni la kodi ya nyumba chini ya mlango.

Kwa bahati njema chama kile hakikuridhika na karamu. Kilishirikiana na chama cha wanamuziki kudai mgawo ubadilishwe. Mwaka 2025 kampuni kubwa za santuri za huko zilikubali, pamoja na mambo mengine, kwamba mtunzi anayeitwa kwenda kutunga apewe posho ya siku. Posho ya siku! Kibarua wetu wa mkonge akisikia kwamba watunzi wa Uingereza walikuwa wakisafiri kwenda kazini kwa nauli ya mfukoni, na wimbo usipochukuliwa wanarudi mikono mitupu, atawahurumia kama ndugu zake. Mgawo wenyewe bado haujawa wa haki, lakini waliokaa pamoja wamepata kitu ambacho mmoja mmoja asingepewa.

Anayetaka kujua mtunzi asiye na chama hufikishwa wapi, amtazame Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 aliimba na kundi lake la Evening Birds wimbo wa "Mbube" aliokuwa ameutunga. Linda alikuwa mfanyakazi wa kawaida katika kiwanda cha santuri cha kampuni ya Gallo. Alikuwa akifunga mizigo. Fikirini hilo: mtu anafunga katika makasha santuri za kampuni inayouza wimbo wake mwenyewe, halafu jioni anarudi nyumbani na ujira wa kibarua. Haki za wimbo zilimtoka kwa shilingi 10. Wimbo ulikwenda Marekani, ukabadilishwa maneno, ukapigwa dunia nzima tangu 1961, na mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya simba iliyoingiza mamilioni ya dola. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 ndipo wakapata mapatano ya kulipwa. Zaidi ya miaka 40 baada ya baba yao kuzikwa!

Linda hakukosa sifa. Nyumbani alikuwa nyota, watu walimshangilia kila alipoimba. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye siku ile alipowekewa karatasi mbele na kuambiwa atie sahihi. Kazi hiyo ndiyo ya chama.

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi liweke mambo haya katika ajenda kabla ya Mei Mosi ijayo. Mfanyakazi bora apigiwe kura ya siri na wenzake wa idara au kikosi chake, na kura zihesabiwe mbele ya kamati ya tawi. Zawadi iwe juu ya ujira, wala mwajiri asiitaje katika majadiliano kana kwamba ni nyongeza ya mshahara. Na mwanachama aliyebuni kifaa au njia ya kazi inayotumika kiwandani jina lake liandikwe, mapatano ya malipo yake yafanywe kwa maandishi, na asitie sahihi peke yake. Makatibu wa matawi watuletee majibu ya waajiri, hata yale ya kukataa. Yule fundi wa karakana tumekwisha kumwandikia barua yake, na nakala imepelekwa kwa meneja.