HURUMA SI KUMILIKI: NENO KWA WEWE UNAYETAKA KUMCHUKUA MBWA UGHAIBUNI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu yangu, dada yangu katika imani, nakuomba usome mpaka mwisho ndipo useme. Najua wapo watakaokasirika katikati ya njia, na watatoka pande zote mbili.

Swali limetoka Minneapolis, Marekani. Familia ya Kiislamu, watu wa pwani yetu, wanaishi fleti ghorofani. Watoto wamemwona mbwa kwenye makao ya kuokolea wanyama. Ni spanieli, masikio marefu, macho ya kuomba, hatulii hata dakika moja. Wanamwambia baba yao: tukimwacha atateseka, na wewe ulitufundisha kwamba dini yetu ni ya huruma. Baba kakwama. Anauliza: nimchukue?

Jibu langu ni hili: usimchukue. Lakini sababu zangu si zile ulizozoea kuzisikia.

Nianze na wewe unayesema mbwa ni mnyama wa laana, apigwe mawe apite. Umeyatoa wapi? Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya mwanamke mzinifu wa Bani Israil aliyemwona mbwa anakufa kwa kiu, akamtekea maji kwa kiatu chake, Allah akamsamehe. Katika Suratul Kahf, aya ya 18, Allah amemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, amejinyoosha mlangoni pao. Katika Suratul Maida, aya ya 4, ametuhalalishia windo la mnyama aliyefunzwa kuwinda. Basi anayemrushia mbwa jiwe kwa kujifurahisha asijifiche nyuma ya dini. Hiyo ni tabia yake tu, na ataulizwa.

Sasa nakuja kwako wewe unayesema, "Sheikh, kumbe hakuna ubaya, basi tumchukue." Subiri.

Hoja yako ya kwanza: Imamu Malik amesema mbwa ni tohara. Kweli, amesema. Na sisi wa madhhab ya Shafi tunasema ni najisi nzito, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini ndugu yangu, umechanganya maswali mawili. Tohara ya mbwa ni swali moja, kumfuga ndani ya nyumba bila haja ni swali jingine. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inafundisha kwamba anayefuga mbwa asiye wa mifugo, wala wa kuwinda, wala wa shamba, thawabu zake hupungua kila siku kirati moja, na katika mapokezi mengine kirati mbili. Hukumu hii haikufutwa na rai ya Malik juu ya mate. Ibn Abdil-Barr, naye ni mwanachuoni mkubwa wa Kimaliki, aliona kufuga huko ni karaha, si haramu. Haya, chukua rai hiyo iliyo nyepesi. Bado unapunguziwa thawabu kila siku inayopita. Mfanyabiashara gani anakubali hasara ya kila siku kisha anaiita faida?

Hoja yako ya pili: spanieli ni mbwa wa kuwinda, na mbwa wa kuwinda ameruhusiwa. Hapa umesema kweli, na kweli hiyo inakugeukia. Mbwa huyu amezalishwa kizazi baada ya kizazi aingie vichakani, awarushe ndege, akimbie kutwa nzima. Wafugaji wa Uingereza, kwenye asili yake, wanasema springa anahitaji zaidi ya saa 2 za mazoezi kila siku. Je, wewe unawinda? Unalo shamba? Unazo saa hizo mbili? Unatoka kazini alfajiri kuna giza. Disemba, Minneapolis, jua linazama yapata saa kumi na nusu alasiri, unarudi kuna giza. Januari baridi inafika nyuzi 20 chini ya sifuri, na siku nyingine inazidi. Theluji inagandamana kwenye manyoya marefu ya miguu yake, mabonge mabonge katikati ya vidole. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inamchoma nyayo, akirudi nyumbani anailamba. Wewe mwenyewe, ukitoka kwenda kutupa taka, unarudi mbio. Utatembea naye saa mbili, kila siku, miezi mitano?

Hutatembea. Atakaa fleti. Mnyama mwenye nguvu kama huyo akifungiwa anabweka, anatafuna mlango, anazunguka chumba mpaka anachanganyikiwa. Majirani watalalamika, mwenye nyumba ataleta barua. Kisha utafanya nini? Utamrudisha.

Na hapa ndipo ninapotaka uninyamazie kidogo. Unadhani mbwa yule alifikaje pale kwenye makao? Wengi wa aina yake wapo pale kwa sababu mtu mwingine, kabla yako, aliyapenda masikio na macho, akamchukua, akashindwa. Sasa unataka kuwa wa pili, na unaiita huruma.

Mtume (s.a.w.) ametueleza pia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Sisemi wewe utamnyima chakula. Nasema mnyama akiwa chini ya mkono wako ana haki juu yako, na haki zake hazilipwi kwa chakula peke yake. Usijifunge amana ambayo unajua tangu leo huiwezi.

Hoja ya tatu: watoto watalia. Walie. Kisha wafundishe huruma yenyewe. Wapeleke pale kwenye makao na mablanketi ya zamani, mataulo, mfuko wa chakula cha mbwa. Kama wanaruhusiwa kujitolea, wavae glavu wamtembeze Jumamosi. Fiqhi yetu inasema kikavu kwa kikavu hakinajisi, na kikiwa na unyevu utaosha. Changia ada ili achukuliwe na mwenye shamba au mwindaji. Huyo atampa uwanja, wewe utapata ujira, na nyumba yako itabaki mahali pa kusalia, zulia halina mate, wala hutafuti udongo wa kuoshea sahani na ardhi yote imeganda.

Mwenye haja ya kweli, kama kipofu anayeongozwa na mbwa, au mwenye mali inayohitaji mlinzi, simzungumzii yeye. Wanazuoni wamempa nafasi yake.

Na wewe uliyekwisha kumchukua, usinisikie vibaya. Usimfungulie mlango usiku wa theluji ukasema sheikh kasema. Hiyo ni dhulma, na mimi si mshirika wako. Mlishe, mtembeze, mtibu, mpaka umpatie mikono iliyo bora kuliko yako. Siku unapompeleka, sema ukweli wote wa tabia zake, usimfiche mtu aibu ya mnyama ili umwondokee haraka.

Naiusia nafsi yangu kabla yenu: si kila unachokihurumia ukimiliki. Yule mwanamke wa kisimani alimpa mbwa maji akaenda zake, na hatukusikia kwamba alimpeleka nyumbani. Akasamehewa.

Allah atupe nyoyo laini na akili timamu. Ukiona kuna faida, mfikishie aliye ughaibuni.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.