Kabla ya kulipia laptopu, izime kwanza uitazame

Kijana anayeingia duka la vipakatalishi pale Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi huwa amejiandaa kama mtu anayeenda kuhojiwa kazi. Anajua anataka RAM ya kiasi gani. Anajua tofauti ya Core i5 na i7, na atauliza ni ya kizazi cha ngapi. Atauliza kama betri inakaa na chaji. Atashusha bei hadi muuzaji aanze kulia kwamba anakula hasara. Swali moja haliulizi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni swali: je, hii skrini inang'aa au haing'ai?

Sisi tunasema hilo linafaa kuwa miongoni mwa maswali matatu ya kwanza. Na tunaenda mbele zaidi. Kwa vijana wengi wa mjini ambao laptopu ndiyo shamba lao, yaani wanaoandika, wanaonakili sauti, wanaojibu wateja wa kampuni za ng'ambo, wanaosomea kozi mtandaoni na wanaoandika programu, skrini inayofaa ni ile isiyong'aa.

Ziko za aina mbili. Kuna ya glosi, ambayo uso wake ni laini kama kioo cha dirisha. Kuna ya mati, ambayo uso wake umeparuzwa kiwandani kwa ustadi, mparuzo mdogo ambao jicho halioni. Fundi wa rangi angekueleza upesi kuliko muuza kompyuta: ya kwanza ni kama ukuta uliopakwa rangi ya mafuta, ya pili ni kama ukuta wa rangi ya maji. Washa taa moja mbele ya kuta zote mbili. Kwenye rangi ya mafuta utaiona balbu yenyewe imekaa pale. Kwenye rangi ya maji utaona mwangaza tu, umesambaa, hauna umbo.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi hupuuza. Kioo laini kisichopakwa dawa yoyote hurudisha takriban asilimia 4 ya mwangaza unaokipiga kutoka mbele. Asilimia 4 ni kitu gani bana? Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na laptopu nyingi za bei nafuu hutoa kama niti 220 hadi 250 hata ukipandisha mwangaza hadi mwisho. Shati jeupe kwenye jua kali la saa sita linaweza kufika niti 25,000. Asilimia 4 ya hizo ni niti 1,000. Kwa hivyo ukikaa kwenye nyasi nje ya maktaba ya chuo na shati lako jeupe, picha ya shati hilo kwenye skrini ya glosi inawaka mara nne kuliko ukurasa unaojaribu kuusoma. Macho yako hayana shida. Unashindana na shati. (Ndiyo maana, ukilazimika kufanya kazi nje, tisheti nyeusi ni msaada wa kweli.)

Skrini ya mati haiufuti mwangaza huo, na yeyote anayekuambia inaufuta anakuuzia maneno. Inachofanya ni kuutawanya, ule mng'ao uliokuwa umekusanyika mahali pamoja ukagawanywa pande zote, na sehemu ndogo tu ndiyo ikufikie machoni. Jua likiipiga skrini yenyewe moja kwa moja, hata ya mati huwa kijivu, imefifia yote, na unarudi ndani tu kama wenzako. Lakini ni wangapi kati yetu hufanya kazi na jua limepiga skrini? Adui wetu wa kila siku ni dirisha lililo nyuma, taa ya dari, mlango ulioachwa wazi, ukuta mweupe wa jirani.

Hebu tuizungumzie keja. Bedsitter ya kawaida ina dirisha moja na mlango mmoja. Kitanda kimeshachukua ukuta mrefu, jiko na mitungi ya maji vimechukua kona. Meza inakaa pale iliposalia nafasi, na mara nyingi hapo ni mahali ambapo dirisha liko nyuma ya mgongo wako. Mchana ukifungua pazia unapata mwangaza wa bure, lakini unapata pia dirisha zima ndani ya skrini, pamoja na nguo za jirani zilizoanikwa kwenye korido. Ukifunga pazia unawasha taa mchana, na tokeni za stima zinasonga. Usiku ile balbu moja ya katikati ya chumba nayo iko nyuma ya kichwa chako, imekaa kwenye skrini kama mwezi. Mwenye meza kubwa na chumba cha ofisi ataizungusha meza ili dirisha liwe ubavuni, na kweli huo ndio mkao bora kwa skrini ya aina yoyote. Mwenye bedsitter anazungusha nini?

Anachozungusha ni shingo. Anainamisha skrini, anakaa upande, anasogeza uso karibu, na baada ya saa nne analalamika kichwa kinauma na mabega yamekaza. Hatusemi kwamba skrini ya glosi itakupofusha, hapana. Mng'ao huchosha macho, hauyaharibu, na hata skrini ya mati itakuchosha ukiikodolea siku nzima bila kupepesa. Bado utahitaji kuinua macho kila baada ya dakika 20 na kutazama kitu kilicho mbali. Ila kuchoka saa nane mchana badala ya saa kumi na mbili jioni ni saa nne za malipo ambazo hazikuingia, na kwa mtu anayelipwa kwa kazi aliyowasilisha, hiyo ni kodi ya nyumba.

Kuna na betri. Mtu akishindwa kuona, jambo la kwanza hufanya ni kupandisha mwangaza hadi mwisho. Skrini ni mojawapo ya vitu vinavyokula betri zaidi kwenye kipakatalishi. Laptopu ya mtumba ambayo betri yake tayari imezeeka, ukiipandisha mwangaza ndani ya mkahawa usio na soketi karibu, utafika nusu ya kazi ikuage.

Basi kama mambo ni wazi hivi, mbona glosi inauzika? Kwa sababu ni tamu dukani. Duka liko ndani ndani ya jumba, jua halifiki, na kwenye skrini muuzaji ameweka video ya samaki wa rangi wakiogelea kwenye maji meusi. Nyeusi inakuwa nyeusi kabisa, nyekundu inaruka. Ya mati ikiwekwa kando yake inaonekana imechoka, kana kwamba ina vumbi. Unaamua kwa dakika 10 chini ya taa za mtu mwingine, halafu unaishi na uamuzi huo miaka minne chini ya taa zako.

Watengenezaji waliujua utamu huo zamani. Enzi laptopu za nyumbani zilipoanza kung'aa, kila kampuni iliupa mng'ao wake jina la kifahari: HP iliuita BrightView, Acer CineCrystal, Dell TrueLife. Apple ilileta MacBook ya glosi mwaka 2006, na ilipotoa MacBook Pro ya Retina mwaka 2012 haikuwapa wanunuzi wake chaguo la mati. Kisha mwaka 2024 ikairudisha kwenye MacBook Pro, safari hii kama nyongeza ya kulipia: dola 150, karibu Sh19,000 za Kenya. Yaani uso usiong'aa peke yake unagharimu pesa zinazoweza kukupatia kipakatalishi kizima cha mtumba.

Na hapa ndipo kuna habari njema kwa mwenye mfuko mwepesi. Laptopu za ofisi, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, ambazo huja huku kama ex-UK baada ya kampuni za ng'ambo kuzibadilisha, nyingi zina skrini ya mati. Zilitengenezewa mtu anayekaa chini ya taa za ofisi siku nzima akisoma maandishi, na mtu huyo kwa kazi hafanani sana na mpiga picha, anafanana na wewe. Lakini usinunue jina. Zile zenye skrini ya kugusa mara nyingi huwa na kioo juu, na kioo hicho hung'aa. Mashine mbili zenye jina moja, zilizopangwa rafu moja, zinaweza kuwa na skrini tofauti kabisa.

Tuwe wakweli kwa upande wa pili. Anayehariri video au picha usiku, kwenye chumba anachoweza kukidhibiti mwangaza, ana sababu nzuri ya kutaka glosi. Rangi zinakolea, maandishi madogo yanakuwa makali, na hakuna ile chembechembe kama sukari ambayo baadhi ya skrini za mati huonyesha juu ya ukurasa mweupe. Anayecheza gemu na kutazama filamu taa zikiwa zimezimwa vilevile. Skrini za OLED nyingi huja na glosi, na ni nzuri kweli. Pia ziko glosi za bei ghali zilizopakwa utando wa kupunguza mng'ao, kama ule wa lenzi za miwani na kamera, ambazo zikiwa na niti 400 au zaidi zinajimudu hata karibu na dirisha. Na glosi ina faida moja isiyoandikwa popote: unamwona mdosi akija kutoka nyuma.

Tena mati peke yake haikuokoi. Kuna laptopu za zamani zenye skrini ya mati lakini paneli yake ni ile ya TN, ambayo ukiinamisha kidogo rangi zinageuka na nyuso zinakuwa kama negativu ya picha. Hiyo si kosa la mati, ni paneli duni. Tafuta paneli ya IPS, na mwangaza usiopungua niti 300 ukiweza. Mati hafifu ya niti 220 karibu na dirisha ni mateso ya aina yake.

Malalamishi yetu makubwa lakini yako kwa wafanyabiashara. Tangazo la laptopu mtandaoni litakuambia kuhusu prosesa, hifadhi, hata begi la bure na panya wa bure. Aina ya skrini haimo. Niti hazimo. Picha zenyewe zimepigwa kwa namna ambayo huwezi kutambua. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa anayonunua, na hatuoni ni kwa nini mstari mmoja, "skrini ya mati, IPS, niti 300", uwe kazi ngumu kwa mtu aliyeweza kuandika mistari kumi kuhusu begi. Wanafunzi wanaonunua kwa pesa za HELB hawana nafasi ya kununua mara mbili. Vyuo na vituo vya mafunzo ya kidijitali navyo, vinaponunua mashine kwa wingi, viweke jambo hili kwenye masharti ya zabuni, hasa kwa vyumba vile vyenye madirisha ukuta mzima.

Hadi hapo wauzaji watakapobadilika, kazi ni yako, na haichukui dakika tano. Mwambie akuzimie mashine. Itazame ikiwa giza. Ukiona uso wako vizuri kiasi cha kuchana nywele, hiyo ni glosi. Ukiona kivuli chako tu na doa la mwangaza pale taa ilipo, hiyo ni mati. Kisha iwashe, funga ile video ya samaki, fungua ukurasa mweupe wenye maandishi mengi, na uibebe hadi mlangoni. Geuka, barabara iwe nyuma yako. Soma aya moja nzima. "Kastama wangu, hii hata jua haliiwezi," atakuambia. Mjibu tu kwa upole, "Sawa boss, twende nje kidogo basi." Akikataa mashine isifike mlangoni, liko duka lingine hapo kando.

Kwa aliye na glosi tayari, hakuna haja ya kuiuza kwa hasara. Kuna filamu za mati za kubandika juu ya skrini, huuzwa kulingana na inchi, na zinasaidia ingawa zinafifisha picha kidogo. Pima kwanza kama ni inchi 14 au 15.6, bandika baada ya kufuta vumbi lote, tena ufanye hivyo chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Ukiwa unasafisha skrini ya aina yoyote, tumia kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo, na ile dawa ya kupulizia madirisha iache kwa madirisha.