Video ya Vijana Wetu na Mama wa Mzigo wa Mbaazi



Juma hili naomba mnivumilie, kwa kuwa nitaandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kulijadili chini ya miti baada ya Misa ya pili, na ambalo halmashauri ya walei imenitaka nilitolee kauli. Ni ile video ya wimbo iliyotengenezwa hapa kwetu Maisaka na vijana wanaosomea uandishi wa habari na utangazaji.

Kwa wasiofahamu habari hii, vijana watano walinijia ofisini mwanzoni mwa likizo ndefu, wakiwa na barua ya chuo. Walikuwa wamepewa kazi ya vitendo: wachague wimbo, wautengenezee video, kisha waitangaze kwa mbinu zao wenyewe. Alama zingetolewa kwa mafungu mawili, fungu moja kwa ubora wa kazi, na jingine kwa idadi ya watu watakaokuwa wameitazama hadi siku ya tathmini. Wakaiomba kwaya yetu. Nilikubali kwa sharti moja tu, kwamba wasipige picha altareni wala wakati wa Ibada. Nilijiona nimekuwa mchungaji makini. Leo natambua kwamba sharti lile lilihusu mahali, halikumhusu mtu.

Nilikwenda kuwatazama wakifanya kazi, na nakiri kwamba nilijifunza mengi. Wengi wetu hudhani kwamba waimbaji huimba, kamera ikawachukua, basi. Sivyo. Sauti hurekodiwa kwanza peke yake studio, kisha siku ya kupiga picha wimbo huo hupigwa kwa spika, na waimbaji huigiza kuimba juu yake, mara tano, mara kumi, kila mara kamera ikiwa imehamishwa mahali pengine: mara mbali, mara karibu, mara kwenye mikono ya mpiga ngoma. Mhariri ndiye anayekuja kuviunganisha vipande vyote mpaka mtazamaji aamini kwamba ameona wimbo mmoja ulioimbwa mara moja. Kwa hiyo wimbo wetu wa dakika nne ulichukua siku mbili nzima. Asubuhi ya kwanza walikuwa kando ya Ziwa Babati kabla jua halijapanda juu ya mlima Kwaraa, na sauti ya kwanza waligoma kuukaribia ukingo kwa kuwaogopa viboko, jambo ambalo mimi sikuwalaumu hata kidogo. Sauti ya nne ndio waliowatesa vijana zaidi, kwa sababu siku ya studio mwalimu wa kwaya alikuwa ameupunguza mwendo wa kiitikio, nao midomo yao ikawa inatangulia sauti yao wenyewe. Walirudia hadi jua likawa kali. Hakuna aliyelalamika. Sikuwa nimewahi kuwaona vijana wetu wakivumiliana namna ile katika kikao chochote nilichokiongoza mimi.

Nayasema haya kwa sababu wako waliosema kwenye halmashauri kwamba kamera zipigwe marufuku kabisa katika eneo la parokia. Siungani nao. Watu wa kizazi changu tulijifunza nyimbo nyingi za kwaya kwa njia ya kanda za kaseti, na baadaye kwa zile sahani za video zilizouzwa stendi za mabasi miaka ya 2000, na hakuna aliyetuambia kwamba ni dhambi. Na mbali zaidi ya hapo, liko jambo lililotokea kwa jirani zetu wa Kongo, wanaosema Kiswahili kama sisi, ambalo napenda vijana wetu wote walijue.

Mwaka 1958, katika mji wa Kamina, Katanga, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliimba Misa pamoja na kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao kwa namna za uimbaji na ngoma za watu wa kule, ilhali maneno yakibaki yale ya Kilatini. Hiyo ndiyo Missa Luba. Mwaka huohuo kwaya ile ilizunguka Ulaya, na santuri ikatolewa na kampuni ya Philips. Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, kipande cha Sanctus kilisikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo If...., na watu ambao hawakuwahi kukanyaga kanisani wakaenda madukani kuitafuta santuri. Kwaya ya shule, bila intaneti wala simu ya mkononi, iliufikia ulimwengu. Lakini angalieni kilichobaki juu ya karatasi. Sehemu kubwa ya uimbaji ule ilizaliwa vinywani mwa waimbaji wenyewe, wakibuni papo kwa papo, na mwimbaji kiongozi alikuwa mwalimu aitwaye Joachim Ngoi. Hata hivyo, jina linalojulikana na wengi hadi leo ni la Padre. Sisemi kwamba alikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba wimbo unaposafiri, majina ya wadogo ndiyo hudondoka njiani kwanza.

Na yetu yalidondoka. Chini ya video ile vijana waliandika kwamba wimbo ni wa asili. Si wa asili hata kidogo. Mtunzi wake alikuwa mwalimu wa kwaya, amefariki si miaka mingi iliyopita, na wazee wa kwaya wanamkumbuka kwa jina. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo ruhusa ilipaswa kuombwa kwa watoto wake. Msidhani kwamba mambo haya ni ya wanamuziki wakubwa tu. Mwaka 2020 ulimwengu mzima ulicheza wimbo wa Jerusalema wa Master KG na Nomcebo Zikode kutoka Afrika Kusini, baada ya kundi la vijana wa Angola kujirekodi wakicheza huku wameshika sahani za chakula. Mapadre walicheza, watawa walicheza, wauguzi na polisi walicheza. Mwaka uliofuata kampuni ya Warner ilizidai taasisi kadhaa za Ujerumani malipo ya leseni kwa video zao, na wizara moja ya mambo ya ndani ya jimbo ikalipa kwa ajili ya polisi wake. Kosa hili la jina vijana walilirekebisha siku hiyohiyo nilipowaambia, na mmoja wao amekwenda kwa familia ya marehemu. Nalipita haraka, kwa sababu kuna lililo zito zaidi.

Dominika ile video ilipotoka, mimi mwenyewe niliitangaza wakati wa matangazo. Niliwaambia mfungue simu zenu mkifika nyumbani, mwatumie ndugu walioko Arusha na Dar es Salaam, ili watoto wetu wapate alama. Mlicheka na mkafanya. Baada ya siku tisa, mama mmoja wa jumuiya zetu, mjane, mtu mzima wa kuitwa bibi na mimi pia, alikuja akaketi kwenye benchi la nje ya ofisi. Hakutaka kuingia.

“Baba Paroko,” aliniambia, “mimi ni maskini?”

Sikuelewa. Akanieleza kwamba mjukuu wake aliyeko Dar es Salaam alimpigia simu akilia. Ndani ya video, pale ubeti wa pili unapowataja fukara wanaomlilia Mungu, anaonekana yeye, ameinama chini ya mzigo wa miti mikavu ya mbaazi, taratibu, uso umekunjamana kwa jua. Na chini yake watu wasiomjua wameandika maneno ya kumhurumia. Mmoja ameuliza watoto wa bibi huyu wako wapi, wamemtupa?

“Siku ile nilitoka shambani kwangu,” akasema. “Ekari ni zangu. Mbaazi zilikuwa zimekwisha kuuzwa, nikawa nabeba kuni za bure za shamba langu. Nina ng'ombe wanne na watoto wangu wananitunza. Yule kijana alinisalimu shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikapita. Hakuniambia kwamba nimekuwa fukara.” Kisha akaongeza, bila kuinua sauti: “Na wewe, Baba, ulitangaza.”

Sikuwa na jibu, na hata sasa ninapoandika sina. Nilikuwa nimeitazama video ile mara tatu. Nilimwona. Nikasema moyoni, picha nzuri.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, nanyi mnaweza kupingana nami. Picha ile haikuwa ya uongo: mama alikuwepo, mzigo ulikuwepo, jua lilikuwepo. Uongo uliingia kwenye kuhariri, pale picha ya kweli ilipowekwa juu ya neno lisilomhusu, kisha ukaongezeka katika kutangaza, na katika kutangaza sisi sote tulishiriki. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika nchini, na nadhani chuo kinawafundisha wanafunzi wake kuhusu ridhaa. Lakini chuo hichohicho kinapotoa alama kwa idadi ya watazamaji, kinafundisha somo la pili ambalo lina nguvu kuliko la kwanza, kwa maana kila kijana hujua kwamba uso wa bibi aliyeinama huvuta macho kuliko sauti ya nne iliyosimama kwa mstari. Sijui mhadhiri aliyetunga kipimo kile alikuwa anafikiri nini. Idadi hueleza kitu kimefika wapi. Haielezi kimewatendea nini waliomo.

Nikawapa vijana mfano wa Uganda. Mwalimu wa hisabati wa Kampala, Daouda Kavuma, aliwakusanya watoto wa mitaani, na mwaka 2014 video yao wakicheza wimbo wa Eddy Kenzo, Sitya Loss, ilitazamwa na mamilioni. Hao ndio Ghetto Kids, ambao mwaka 2023 walifika fainali ya mashindano ya vipaji ya Uingereza. Wale nao walionekana kwenye vumbi, na nguo zao hazikuwa za sikukuu. Lakini walijua kwamba kamera ipo, walikuwa wanacheza, na walikuwa wanaonyesha wanachokiweza. Tofauti kati yao na mama yetu haiko katika vumbi.

Tukaitisha kikao: vijana watano, mwalimu wa kwaya, mama, na mimi. Vijana waliomba radhi wakiwa wamepiga magoti, nami niliomba radhi pia. Mama akasema amesamehe, lakini aondolewe. Ndipo ilipojulikana kwamba si rahisi. Ukikata kipande cha video iliyokwisha kuwekwa YouTube, sauti nayo hukatika hapohapo, na wimbo unabaki na pengo. Njia ni kuiondoa yote, kuihariri upya na kuiweka upya, na hesabu ya watazamaji inaanza sifuri. Ilikuwa imebaki wiki moja na nusu kabla ya tathmini. Walikuwa wamefikisha watazamaji zaidi ya elfu kumi na moja, na mmoja wa vijana hao anasoma kwa mkopo, asiyeweza kumudu kurudia somo.

Sikuwaamuru. Niliwaacha watoke nje wakaongee. Walikaa karibu nusu saa kule kwenye mnara wa kengele, nasi tuliokuwa ndani tukisikia sauti zikipanda na kushuka. Waliporudi, yule wa mkopo ndiye aliyeishika kompyuta, akaiondoa mbele ya mama.

Video mpya ilipofikishwa mbele ya wahadhiri ilikuwa na watazamaji mia nne na kidogo. Vijana wamepata alama za kupita, si zaidi. Nimekiandikia chuo barua kueleza kilichotokea na kuomba kipimo kile kitazamwe upya, bado sijajibiwa. Hapa kwetu, tangu sasa, yeyote anayetaka kupiga video parokiani atawaonyesha waliomo kazi iliyokwisha kuhaririwa, na sauti yake, kabla haijatoka, nami sitatangaza chochote ambacho wahusika hawajakiona.

Kuhusu mama, wengi mmeniuliza. Amewaambia vijana kwamba hakukataa kupigwa picha. Wakitaka waje, lakini wasubiri mbaazi za msimu ujao zikomae, wamkute akipima magunia, amevaa kitenge alichonunuliwa na mjukuu. Ubeti wa kuwekwa juu ya picha hiyo amesema atauchagua mwenyewe.

Wenu katika Kristo,
Paroko