Wasuba: Nchi Imebaki, Lugha Yaondoka

Tangu uchaguzi wa mwaka 2017, Kaunti ya Homa Bay ina maeneobunge mawili yenye jina la Suba: Suba Kaskazini, iliyoitwa Mbita, na Suba Kusini, iliyoitwa Gwassi. Mgeni aisomapo ramani hiyo atatarajia kukisikia Kisuba sokoni na shuleni. Aghalabu atasikia Dholuo.

Wasuba ni Wabantu. Kwa masimulizi yao, wahenga wao walitoka pande za Buganda na Busoga, wakavuka Ziwa Victoria na kufanya makao visiwani Rusinga na Mfangano, kisha Gwassi, Kaksingri na Muhuru, ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori. Waliishi kwa uvuvi na kilimo. Lugha yenyewe inashuhudia asili hiyo: watu ni Abasuba, lugha ni Olusuba. Kiambishi aba- ni ndugu wa wa- ya Kiswahili, na olu- ndiyo tuionayo katika Luganda. Dholuo, ambayo si lugha ya Kibantu, haina viambishi hivyo.

Yafaa tulinganishe na yaliyowapata Wadakota wa Minnesota, Marekani. Baada ya vita vya mwaka 1862, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 1863 ya kuwafukuza katika nchi yao, na baadaye watoto wao wengi wakatiwa katika shule za bweni zilizopiga vita lugha yao. Kwa Wasuba mambo yalikwenda kimyakimya. Waliwaoa mabinti wa Kiluo, nao akina mama wakawalea watoto kwa Dholuo. Soko, kanisa na shule vikatumia lugha hiyo hiyo. Wanaisimu Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo waliueleza mwendo huo katika makala ya mwaka 1992. Hapakuwa na adui wa kulaumiwa, na pengine ndiyo sababu hapakuwa na kilio.

Sensa ya mwaka 2019 iliandikisha zaidi ya watu 150,000 waliojitambulisha kuwa Wasuba. Wanaoizungumza lugha hiyo kila siku ni wachache mno kuliko hao, na wengi wao ni wazee.

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi, na mtaala unaruhusu lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini. Lakini hapa pana kasoro ambayo walimu hawana budi kuitazama. Sera hiyo inachukulia kwamba mtoto huja shuleni akiwa na lugha ya wazee wake. Mtoto wa Rusinga huja na Dholuo. Kwa hiyo “lugha ya eneo” huwa Dholuo, na sheria iliyokusudiwa kuzilinda lugha ndogo ikawa inathibitisha kupotea kwake.

Dawa si kumfundisha mtoto hesabu kwa lugha asiyoijua. Kisuba kifundishwe kama somo, jinsi lugha ya pili inavyofundishwa, na wazee wakaribishwe darasani. Jitihada za namna hiyo zilianza katika miaka ya 1990, lakini jitihada hazidumu pasipo walimu waliofunzwa na vitabu vya kutosha.

Wapo wasemao kwamba jambo hili litawagawanya watu waliokwisha kuoana na kuwa kitu kimoja. Hofu hiyo haina msingi. Kujifunza Kisuba hakumlazimu mtu kuisahau Dholuo, kama vile Kiswahili hakikumlazimu Mkenya kuisahau lugha ya mamaye.

Nawaomba wanafunzi wa vyuo watokao pande hizo waanze na kazi ndogo: likizo ijayo wakae na wazee, waandike majina ya samaki, ya pepo za ziwani na ya vilima. Jina la Suba limekwisha kupewa maeneobunge. Lingali linangoja kupewa nafasi katika ratiba ya masomo.