Motokari yenye mbio, feza kidogo

Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mmoja wa Kolwezi, mwimbaji wa kwaya, anayefanya kazi ya kusude vyuma kwenye mine. Ameweka feza kwa miaka mitatu, amefikisha dola 6 000. Anataka motokari ya Japani iliyotumika, lakini “isiwe ya wazee”: iwe na mbio, na isimfie njiani. Baba anamwambia anunue ya kawaida aifanye taksi. Mama hasemi kitu. Tena wadogo wawili wako ku masomo, na minervali ni yeye anayeilipa.

Kwanza tuseme wazi: kupenda motokari nzuri si zambi. Kijana anayesude chuma siku nzima na kusikia motere inaimba vizuri anafurahi, na sisi hatutamgombeza. Lakini wewe kijana, na ninyi wazazi mnaosoma pamoja naye, sikieni hesabu mbele ya kusikia motere. Wazee wanakumbuka miaka ya 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walipochukua feza ya kuacha kazi kwa mapenzi yao. Kuna waliojenga, kuna waliolima, na kuna walionunua motokari ambayo nyuma ya mwaka moja ilikuwa imesimama mu lupango bila magurudumu, kuku wanalala ndani.

Kwa hiyo dola 6 000 si bei ya motokari. Minervali ya wadogo itoke kwanza, iwekwe mbali, hata usiihesabu. Kwa ile inayobaki, tenga sehemu moja ya tatu kwa ajili ya karatasi na matengenezo ya miezi ya kwanza. Motokari yenye mbio ya bei ndogo iko vile kwa sababu: mwenyewe wa kwanza alifurahia, na deni ya matengenezo amekuachia wewe.

Je, uagize Japani wewe mwenyewe? Bei unayoonyeshwa kule ni mwanzo tu. Kuko meli mpaka Dar es Salaam, kuko mtu wa kuiendesha Tanzania na Zambia yote mpaka Kasumbalesa, kuko duane, kuko plake. Na mbele ya kutuma hata dola moja, enda ku ofisi ya DGDA uulize sheria ya umri wa motokari na ya vola ya kuume. Kwa feza yako, tunaona ni heri kutafuta ile iliyokwisha kuingia, yenye duane imelipwa na karatasi unazozishika kwa mkono.

Sasa ni ipi? Vijana wengi wanataja Toyota Altezza, na si bila sababu. Ilitengenezwa tangu 1998 mpaka 2005, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na usukani wake ni mwepisi. Lakini kuko Altezza mbili, na wauzaji wanapenda kuzichanganya. Fungua boneti, tafuta kibao chenye namba ya shasi. Ikianza na SXE10, motere ni 3S-GE ya silinda ine: ile yenye vitesi sita vya mkono iko na nguvu ya farasi 210. Ikianza na GXE10, motere ni 1G-FE ya silinda sita, farasi 160. Kwa macho zinafanana, lakini kwa mfuko hapana.

Ile ya farasi 210 ni motere kali. Inafinya hewa sana, 11.5 kwa 1, na motere ya namna hii inataka esanse safi yenye okteni ya juu. Ukiinywesha ile ya bidoni kando ya barabara kwa wale tunaoita Kadhafi, utasikia motere inagonga kama mtu anayetikisa misumari mu kopo. Kugonga kule kunatoboa pistoni. Tena iko na mkanda, ile kurua ya distribisio. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na motere inakwisha siku ile ile. Kwa kawaida unabadilishwa ku kilometa 100 000. Muuzaji akikuambia “ulibadilishwa,” omba akuonyeshe fundi au karatasi. Ikikosekana, hesabu kwamba haujabadilishwa, na utoe bei yake ku bei ya motokari.

Ya silinda sita haikimbii sana, vijana wanaicheka. Sisi hatuicheki. Inatembea laini, haikuchokozi kila mara kuendesha kwa mbio za kupita, na mu Lubumbashi au Kolwezi, pamoja na matuta na malori, hizo farasi 50 zingine utazifungulia wapi? Iko na mkanda pia, basi uliza namna ile ile.

Kuko nyingine ambayo wengi hawaiangalii: Corolla RunX, ya 2001 mpaka 2006. Nyingi ni za kawaida, NZE121, silinda ine za lita 1.5. Lakini kuko ZZE123, yenye motere 2ZZ-GE ya lita 1.8, farasi 190, vitesi sita. Kwa nje ni motokari ya mwalimu. Haina mkanda, iko na mnyororo. Kwa mtu wa feza kidogo hiyo ni faida. Sehemu nyingi zake ni za Corolla. Nayo pia inataka esanse nzuri. Na iko na ugonjwa moja wa kujua: karibu na mizunguko 6 000 motere inabadilisha sauti, inakuwa sawa motere ingine. Ukijaribu barabarani, motere ikiwa imepata moto, na sauti haibadiliki, mafuta iko kidogo au vile vibulo vidogo vya juu vimekatika. Vyenyewe si vya bei kubwa. Usikimbie, lakini ushushe bei.

Zile za turbo, Subaru na wenzake, tunaziacha leo. Turbo iliyochoka na feza iliyohesabiwa haziketi nyumba moja.

Twende ku kuangalia, kwa maana hapa njo feza inapotea au inapona.

Fika asubuhi, bila kupiga simu saa moja mbele. Weka mkono ku motere: iwe baridi. Ikiwa ya moto tayari, mtu anakuficha namna inavyoamka. Chomoa kijiti cha mafuta, halafu fungua kifuniko cha mafuta. Ukiona povu ya rangi ya maziwa, maji inaingia mu mafuta. Fungua radiatere, ikiwa baridi tu. Maji ya kutu ni alama ya mtu aliyekuwa akiongeza maji ya bomba kila siku. Moshi ya bluu: inakula mafuta. Moshi nyeupe isiyoisha wakati motere imepata moto: maji inaingia mu silinda. Lipa fundi wako, si wa muuzaji, apime kompresio ya kila silinda. Namba zikaribiane. Silinda moja ikibaki nyuma, kwaheri.

Kilometa usiiamini, kwa sababu inarudishwa nyuma kwa urahisi. Angalia mupira wa pedali, ngozi ya vola, kiti cha dereva. Kilometa 80 000 haiwezi kukula pedali mpaka chuma. Omba cheti cha Japani cha kuitoa motokari inchi. Kilometa iko imeandikwa pale, na mwaka wa kwanza wa plake. Na kama kuko karatasi ya munada wa Japani, tafuta herufi R au RA mahali pa alama: maana yake iligongwa ikatengenezwa. Ku magurudumu soma namba ine za mwisho: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mupira wa miaka mingi unapasuka kwa mbio hata kama bado unaonekana mupya.

Sasa jambo la kwetu. Vijana wanatoa sanduku la filtre ya hewa na kuweka ile ya wazi inayopiga kelele. Kwa barabara za Ulaya labda. Hapa, na vumbi ya njia za mine, motere inameza mchanga na silinda zinakwaruzwa. Motokari iliyokatwa ressori ili ilale chini, yenye filtre ya wazi na ekapema ya kunguruma, iache. Mwenyewe alitaka kelele, hakubadilisha mafuta. Tafuta ile iliyoendeshwa na mtu mzima, yenye kila kitu cha fabrike. Na kumbuka mvua ya Novemba mpaka Machi: Altezza inasukuma nyuma, na ku matope ya kampi mkia wake unateleza wakati ungali ukifikiri uko unaenda mbele.

Jambo la vola ya kuume si la kupita haraka. Inchi yetu tunatembea ku kuume. Ukiwa nyuma ya lori ya mine kati ya Likasi na Kolwezi, na vola yako iko upande wa majani, hauoni mbele. Ili uone lazima utoe nusu ya motokari mu njia ya wenzako. Motokari ya farasi 200 inakudanganya kwamba utawahi. Usimwachie anayeketi pembeni akuambie “pita, hakuna mtu,” hata akiwa mke wako. Hakuna atakayekulipa wadogo zako. Ukiwa na vola ya kuume, safari hiyo ni ya kukaa nyuma ya lori mpaka barabara inafunguka kabisa, hata ikikuchukua saa moja zaidi. Kama unajua hautaweza kuvumilia vile, basi nunua yenye vola ya kushoto, hata ikiwa na farasi 110.

Mwisho wa yote ni karatasi. Namba ya shasi ilingane: ku kibao, ku chuma chenyewe, ku karatasi ya duane, na ku karta roze. Ikiwa imekwaruzwa au imechomelewa upya (wewe wa kusude unajua kuangalia), ondoka hata kama bei ni tamu. Jina la karta roze liwe la yule anayepokea feza. Kama anasema ni ya yaya yake aliyeko Kipushi, mwende wote Kipushi. Feza itolewe mchana, mbele ya mashahidi wawili, mmoja awe baba yako. Yeye ndiye aliyetaka taksi, kwa hiyo ataangalia motokari hiyo kwa jicho kali kuliko fundi yeyote.