Sembène alibadili lugha. Sisi walimu je?

Ukitaja filamu za Afrika hapa chuoni, wengi watakutajia Bongo Movie na Nollywood. Sawa. Ila sisi tunaosoma ualimu tuna mzee mmoja wa kumjua: Ousmane Sembène wa Senegal.

Shule hakuimaliza. Alikuwa fundi mwashi, baadaye kuli bandarini Marseille, Ufaransa, na huko ndiko alikoanza kuandika riwaya kwa Kifaransa. Zikasifiwa. Lakini wenzake nyumbani wengi hawakuweza kuzisoma. Basi mwaka 1962, akikaribia miaka 40 na jina analo tayari, akaenda Moscow kujifunza filamu.

Filamu zake za mwanzo zilizungumza Kifaransa. Mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolofu. Mzee asiye na kazi anatumiwa hawala ya posta na mpwa wake aliyeko Paris. Hajui kusoma, kitambulisho hana. Ofisi zinamzungusha, na mwisho hela inaliwa na mjanja aliyejifanya kumsaidia.

Nilimkumbuka mzee huyo nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Niliwauliza Kidato cha Pili swali kwa Kiingereza: kimya. Nikalirudia kwa Kiswahili, mikono ikajaa hewani. Aliyekuja kunikagua akanikata maksi. Hivi siku ile nani alifeli, mimi, wanafunzi, au lugha?

Najua mtasema Kiingereza ndicho ajira. Sikatai. Hata Sembène hakukitupa Kifaransa: Mandabi aliipiga mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu. Alichokataa ni mtu wake kuachwa nje ya mlango kwa sababu ya lugha.

Na msimamo una gharama. Filamu yake Ceddo ya 1977 ilizuiwa Senegal, serikali ya Rais Senghor ikidai eti jina liandikwe kwa d moja, siyo mbili. Mzee hakuifuta d yake. Aliendelea hadi Moolaadé ya 2004, kwa Kibambara, dhidi ya ukeketaji, akiwa amevuka miaka 80. Ikapata tuzo Cannes.

Sinema aliiita shule ya jioni. Sisi tunaandaliwa kwa shule ya asubuhi. Kama ya jioni ilieleweka kwa lugha ya watu, ya asubuhi tunaiogopea nini?