Hiyo ya 1977 Msiiache Nyuma

Ukiona albamu ya zamani imeandikwa "sauti imesafishwa upya", shuku kwanza. Mara nyingi ni kampuni inakuuzia kitu kilekile mara ya pili. Lakini kuna moja nakuomba uisikize, tena na earphones, si spika ya simu: Cut ya The Slits, bendi ya punk ya wasichana wa London.

Ilitoka 1979. Prodyusa alikuwa Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, fundi wa rege na dub. Sikiza "Newtown": kuna kiberiti kinatikiswa na kijiko kinaangushwa, na hizo nazo ni sehemu ya mdundo. Kwenye toleo la 2009 hicho kijiko kinakugonga sikioni. Hapo pesa yako imefanya kazi.

Ila nina neno. Watu wanasifu Cut ati ni kazi ya wasichana watupu, na aliyepiga ngoma mle ni mwanamume, Budgie. Palmolive, mpiga ngoma wao wa kwanza, alikuwa ameshatoka. Ndiyo maana kwenye jalada, wakiwa wamejipaka matope, wako watatu tu.

Ukimtaka Palmolive, nenda diski ya pili ya toleo hilohilo, kwenye rekodi walizomfanyia John Peel wa BBC kuanzia 1977. Aisee! Ngoma zinakimbia, gitaa linakwaruza. Ari Up, mwimbaji, ana miaka 15. Viv Albertine gitaa lake alilinunua mwaka uliopita tu. Hakuna aliyeiva. Na hiyo ndiyo nimeirudia mara nyingi kuliko albamu yenyewe.

Kuna msichana mtaani kwetu ana gitaa la besi. Anapiga usiku bila amplifaya ndiyo asisikike, ati bado anajifunza. Mavijana wa ploti hiyohiyo wanajua kodi tatu na wameshapanda steji mara nne. (Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usinitajie vyeti.)

Nikamtumia rekodi ya 1977. Hakuuliza kuhusu muziki. Aliuliza, "Na hawa steji walipewa na nani?"

Nikamjibu: The Clash waliwabeba kwenye ziara yao mwaka huohuo, bendi yao haijafikisha hata mwaka mmoja.

Sasa wewe mwenye bendi na shoo Jumamosi hii, wa kuwafungulia umeshampata?